Nguruwe wananimalizia muhogo, nikawinde wapi karibu na hapa Tanga?

"Shikamoo mzee. Mimi niko Pongwe, nina shamba ekari tatu na nusu njia ya Pangani, muhogo na minazi michanga niliyopanda mwaka jana. Nguruwe pori wananimaliza, wiki iliyopita usiku mmoja tu wameng'oa miche 11 ya minazi. Marehemu baba aliacha shotigani na risasi zake, na nina jamaa wawili wana mbwa wazuri. Nimeangalia vidio za Wamarekani wanavyowapiga nguruwe usiku kwa taa, wanasema huko hamna leseni wala msimu. Naomba unielekeze sehemu za karibu nisizohitaji kusafiri mbali. Nasikia Saadani wamejaa, wengine wananiambia msitu wa Msumbugwe, wengine wanasema mapori ya mkonge. Nyama sisi nyumbani hatuli ila nikiwauzia wa kitimoto mjini napata hela ya mbegu."

Marahaba mwanangu, na pole kwa minazi. Mche wa mnazi unaumiza kuliko muhogo, muhogo unapanda tena mvua ijayo lakini mnazi umeshaupa mwaka mzima wa kumwagilia halafu unakuta shimo na kifuu kimepasuliwa.

Nianze na kitu ambacho hujaniuliza. Hiyo shotigani. Silaha ya marehemu hairithiwi kama baiskeli. Kibali kilikuwa cha baba yako kwa jina lake na alipofariki kikaishia hapohapo, kwa hiyo kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015 wewe sa hivi ukishikwa nayo unahesabika unamiliki silaha bila kibali, hata kama iko juu ya dari imefungwa kanga na hujawahi kuigusa. Inatakiwa ifike polisi, halafu ukiitaka kwa jina lako unaomba upya kama mtu mwingine yeyote. Ila tafadhali usiipakie kwenye bodaboda ukaenda nayo kituoni mwenyewe! Nenda kwanza mikono mitupu, pitia kwa mwenyekiti au mtendaji, toa taarifa, wao polisi watakuambia inafikaje. Kama jamaa zako wana gobore, habari ni ileile, gobore nayo ni silaha hata kama fundi wake anakaa nyuma ya nyumba yenu.

Sasa vidio. Wale Wamarekani hawakudanganyi, ni kweli kule Texas tangu mwaka 2019 mtu anawinda nguruwe kwenye shamba la mtu binafsi bila leseni ya uwindaji, ilimradi mwenye shamba karidhia. Lakini nguruwe wao sio nguruwe wetu. Kule Marekani hakukuwa na nguruwe wa jamii hii kabisa, waliletwa na Wahispania, yule kamanda wao de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539, wakatoroka, wakazaliana, baadaye matajiri wakaleta na nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, wakachanganyika. Yaani ni mfugo uliotoroka ukageuka balaa, leo wako kwa mamilioni, na serikali yao inawahesabu kama magugu tu. (Florida hiyohiyo ndo tulikoletewa mkonge, Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche 62 iliyobaki hai ikapandwa Kikogwe hapo Pangani. Nashukuru waliishia kwenye mkonge.)

Wa kwetu ni mwenyeji, yupo hapa kabla ya babu zetu, na kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, sawa na tembo, sawa na swala. Hakuna kipengele kinachosema huyu ni mharibifu kwa hiyo piga tu. Na zile mbinu za kwenye vidio, kumulika kwa taa usiku, kupiga ukiwa kwenye gari, huku ndo zilizokatazwa kwa majina, pamoja na mitego ya nyaya, mashimo na sumu.

Alafu hebu tuhakikishe tunaongelea mnyama mmoja. Watu wengi wanachanganya nguruwe pori na ngiri. Ngiri unamuona mchana kweupe, anakula majani kapiga magoti, akikimbia mkia juu kama antena ya redio, usiku analala shimoni. Huyo ndo watu wanaomuona Saadani wakirudi wanasema nguruwe wamejaa. Wako wewe ni mwingine, anatoka usiku, mkia chini, ana singa ndefu nyeupe nyeupe mgongoni na masikio yenye vishungi, mchana analala kichakani kwenye kitanda cha nyasi alichojitengenezea. Ngiri hawezi kukung'olea miche 11 ya minazi usiku.

Kuhusu sehemu ulizotajiwa. Saadani futa kabisa. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hakuna uwindaji wa aina yoyote mle ndani, na ukikutwa umeingia na silaha hata kama hujafyatua ni kesi inayojitegemea. Msumbugwe ni msitu wa hifadhi, na misitu ya hifadhi ina wenyewe, kwa hiyo hilo la "msitu tu" halipo. Amani kule Muheza vilevile, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997 chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mkomazi kwa upande wa Mkinga na Lushoto nayo ni hifadhi ya taifa. Mapori ya mkonge, yale mashamba yaliyoachwa yakaota vichaka, hayo kweli wamo, tena kwa mkoa wetu ndo nyumba yao kubwa. Mkonge uliozeeka ukichanganyika na magugu mbwa hapiti, mtu hapiti, nguruwe anapita kwa chini kama maji. Lakini shamba lililotelekezwa bado lina mwenye hati, na hata mwenye hati akikuruhusu kuingia hawezi kukuruhusu kuua mnyama, hiyo ruhusa sio yake kutoa.

Kwa hiyo ukiniuliza "wapi" jibu langu linaweza lisikufurahishe: sehemu ya karibu kuliko zote ni hapohapo shambani kwako. Nguruwe wanaokula muhogo wako hawatoki Saadani. Kundi moja lina eneo lake, dume mmoja mkubwa, majike na watoto, mara nyingi wanne mpaka kumi hivi, na wanalala mchana karibu tu na chakula. Ukienda kumuwinda nguruwe wa Msumbugwe, wako ataendelea kula vizuri tu, hana taarifa.

Fanya hivi, kesho asubuhi kabla jua halijakauka umande zunguka mpaka wa shamba polepole. Usiangalie katikati kwenye uharibifu, hapo umeshapaona, angalia pembeni. Kuna sehemu moja au mbili nyasi zimelala zote upande mmoja na chini yake kuna kijia kimekanyagwa kigumu, upana wa ndoo. Utaona kwato mbili mbele, na kwenye tope laini vialama viwili vidogo nyuma yake. Fuata kijia hatua hamsini sitini nje ya shamba, tafuta mti wenye tope lililokauka kwenye gamba, kimo cha goti mpaka paja. Wanajisugua hapo wakitoka kugaagaa matopeni. Mara nyingi kuna na singa zimenasa, ngumu kama za brashi ya viatu. Ukishika tope ukakuta bado ni bichi ujue wamepita jana, na kule kijia kinakoelekea ndo wanakolala. Nimezungushwa na wakulima wengi wakinionyesha mashimo ya muhogo, wachache sana waliokuwa wanakijua hicho kijia, na kila aliyekijua tatizo lake lilikuwa nusu limekwisha.

Sasa kwa nini wanakuja kwako na sio kwa jirani? Pua. Huyu mnyama macho yake ya kawaida tu ila pua yake ni kitu kingine, muhogo uliokomaa anaunusa ukiwa ardhini. Mche wa mnazi hana haja na majani, anafuata ile nazi ya mbegu chini, bado ina nyama ndani, ndo maana anachimba mche mchanga na mnazi mkubwa anauacha. Ukiongeza maembe yaliyodondoka yanaoza chini ya mti, au machungwa mabovu watu waliyomwaga pembeni ya barabara, umemwandikia kadi ya mwaliko. Na kichaka kikigusa shamba ndo kabisa, manake hapendi kuvuka uwazi.

Hapa nije kwa jamaa zako na mbwa, manake najua ndo ulipokuwa unaona mambo yameiva. Msako wa mbwa ni mila ya zamani pwani hii na siwezi kukudanganya kwamba hauui nguruwe, unaua. Shida ni kinachotokea kwa waliobaki. Ukilivamia kundi la saba ukaua mmoja, wale sita wanatawanyika, wawili wanahamia kwa jirani, wengine wanajificha wiki mbili halafu wanarudi wakiwa wajanja zaidi, wanakuja saa nane za usiku badala ya saa tatu. Wamarekani wenyewe wameshajifunza hilo, jimbo la Missouri mwaka 2016 walipiga marufuku wawindaji wa kawaida kuwapiga nguruwe kwenye maeneo ya uhifadhi ya jimbo, sababu kila wakiwinda makundi yanasambaa, wakaamua kukamata kundi zima kwa mazizi ya mtego. Hiyo haipo kwenye vidio unazoangalia, manake zizi la mtego halina msisimko.

Na mbwa wenyewe. Chonge za dume ni kisu. Nilishawahi kumshona mbwa wa mzee mmoja kwa uzi wa nguo chini ya mkorosho, tumbo limefunguka kama begi, hakufika jioni. Jike mwenye watoto naye ni hivyohivyo, na huyu wa kwetu hata dume analinda watoto, kwa hiyo usidhani ukimuona mmoja yuko peke yake. Mtu akichomwa asijifunge kitambaa akaendelea, jeraha linakuwa dogo nje na refu ndani na lina uchafu wa mdomo wa mnyama anayechimba udongo. Osha kwa maji mengi na sabuni, kituo cha afya siku hiyohiyo, uliza sindano ya pepopunda.

Sumu ndo usinitajie. Kuna kijiji nilifika asubuhi moja kuna bwana alichanganya dawa ya wadudu kwenye maembe mabivu, tukakuta mbwa wawili wa jirani na mbuzi mmoja wamekufa, nguruwe hata hatukuona kwato.

Njia halali ipo, na haina siri. Andika barua fupi kwa mtendaji wa kijiji lilipo shamba, sio huko Pongwe unapolala, eleza lini, nini kimeliwa, kiasi gani, weka na picha za simu. Mtendaji anagonga mhuri, unaipeleka halmashauri kwa afisa wanyamapori wa wilaya, wazee bado wanamwita Bwana Nyama. Huyo ndo mwenye mamlaka ya kutuma askari waje kufukuza au kuua pale inapobidi, kwa silaha ya serikali na kwa usalama. Atakuambia gari halina mafuta, nakuambia mapema usije ukakasirika. Nenda mkiwa wakulima watano sita wa eneo moja na barua moja yenye sahihi zenu, inasogea haraka kuliko ya mtu mmoja anayelalamika, na kama kijiji kina askari wa wanyamapori wa kijiji washirikishe hao kwanza wako karibu. Kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa walioharibiwa na wanyama, usikiwekee matumaini, kile kimelenga wanyama hatari kama tembo, kiboko, simba, mamba.

Sheria inamruhusu mtu kujilinda yeye na mali yake mnyama akimvamia, hiyo ipo. Lakini kujilinda sio kwenda kumvizia, na mnyama akifa unatakiwa utoe taarifa haraka, na nyama, ngozi, meno, vyote vinabaki kuwa nyara za serikali. Ndo napofika kwa wauza kitimoto. Mwanangu, usiuze hata kilo. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kesi ambayo mahakama zetu zimeshatoa kifungo cha miaka 20, kwa vipande vya nyama kwenye mfuko wa rambo. Biashara ya nyamapori ina kanuni zake tangu mwaka 2020 na bucha zenye leseni, mpikaji wa mtaani hayumo.

Na hata sheria ingekuruhusu, kuna homa ya nguruwe. Hawa wa porini wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika wao wenyewe wasiumwe, binadamu haimdhuru, lakini damu au utumbo ukifika kwenye banda la mfugaji linakwisha lote na dawa hamna. Umpe muuza kitimoto nyama yako, mabaki ayatupie nguruwe wake, mwezi huohuo mtaa mzima unazika. Ukisikia nguruwe wa kufugwa wanakufa ghafla karibu na hapo, mpigie daktari wa mifugo kabla ya kumpigia mtu mwingine. Nyama ya porini isiyoiva nayo ina minyoo inayojificha kwenye misuli ya mtu, lakini nyie hamli kwa hiyo hilo nalipita.

Sasa ufanye nini wiki hii, wakati barua inazunguka. Kile kijia ulichokipata ndo cha kuanzia. Fyeka uwazi kati ya kichaka na shamba, hatua ishirini au zaidi ukiweza, peupe kabisa, upande wa kijia kwanza. Okota maembe yote. Muhogo uliokomaa upande huo vuna sasa hivi hata kama bei mbaya, manake ndo unaowaita, na mwakani pembeni panda ufuta au pilipili, muhogo uweke katikati. Minazi iliyobaki chomekea miti mikavu yenye miiba kuzunguka kila mche, karibu karibu, na ingia nayo chini kidogo sababu anaingiza pua kwa chini sio kwa juu. Wavu wa chuma ni mzuri ila nao uufukie, ukiuning'iniza tu ataunyanyua kama pazia.

Kwa muda mrefu, kwa mtu wa Tanga nakushauri ua wa mkonge. Mistari miwili, ya pili izibe mapengo ya kwanza, miche unaokota bure au kwa hela ya soda. Unachukua miaka miwili mitatu kuziba vizuri na lazima uwe unang'oa vichipukizi ndani la sivyo unageuka kichaka chenyewe, ila ukishaziba umemaliza. Uzio wa umeme wa sola unafanya kazi pia, waya wa chini uwe kama shibiri moja kutoka ardhini, lakini kwa ekari tatu na nusu za muhogo hesabu haikai, mimi mwenyewe nisingeweka.

Na dungu, kile kijukwaa cha juu cha kulindia shamba. Najua vijana mnaliona la kizamani. Jenga dungu usawa wa kile kijia, kaeni zamu, wewe na hao jamaa zako na mbwa wao wafungwe hapo chini, wakibweka inatosha. Debe, tochi, moto. Cha msingi usifanye kila siku kwa namna ileile, debe likigongwa saa tatu kila usiku siku kumi, usiku wa kumi na moja wanakula huku wanalisikiliza. Badilisha saa, badilisha upande, leo debe kesho redio. Mvua zikianza ndo kipindi majike wengi wanazaa na njaa inakuwa kali, hapo usilegeze.

Kama ukweli ni kwamba unataka kuwinda kwa sababu unapenda kuwinda, hilo nalo sio dhambi, lakini litenganishe na shamba. Kuna uwindaji wa wenyeji, kwa kibali, kwa msimu, kwa maeneo yaliyotengwa, mnyama kwa mnyama. Hayo yako TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya serikali, makao yao makuu Morogoro, na afisa wa wilaya atakuambia kwa mwaka huu ni wapi pamefunguliwa na wapi pamefungwa, manake maeneo na taratibu hubadilika, usimuamini mtu wa kijiweni. Utahitaji silaha yenye kibali kwa jina lako, kwa hiyo tumerudi palepale kwenye dari.

Ukishazunguka hiyo asubuhi niandikie kijia kimetokea upande gani, wa mkonge au wa korongo. Kama ni mkonge nitakuambia namna ya kuongea na msimamizi wa hilo shamba awafyekee ukanda wa mpakani. Kama ni korongo, peleka kwanza panga lako likanolewe, kazi yako itakuwa ndefu kidogo.